Kuvuna Mvua Jangwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Miundombinu ya Kijani ya Kampasi

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa usanifu, wahandisi, watunza bustani na wasimamizi wa majengo kila chuo kilichoko jangwani kinapoamua kushughulikia maji ya mvua. Mfano ninaoutumia ni Chuo Kikuu cha Arizona, katika jiji la Tucson, jangwa la Sonora, kusini-magharibi mwa Marekani. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1885, na jiji lake limejifunza kuvuna mvua mbele ya macho ya watu, mtaa kwa mtaa. Mahali penye jambo la kutufaa sisi wa Afrika Mashariki nimelitaja.

Jangwani kuna mvua gani hata ipangiwe mipango?

Tucson hupata takriban milimita 270 kwa mwaka. Dodoma, ambayo sisi tunaiita kame, hupata karibu mara mbili ya hizo. Lodwar, kaskazini mwa Kenya, hupata pungufu ya Tucson. Lakini kiasi cha mwaka hakikuelezi tabia ya mvua yenyewe. Tucson kuna mvua za baridi, za Desemba hadi Machi, zinazonyesha polepole siku nzima, na kuna mvua za majira ya joto, ambazo msimu wake rasmi ni kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Karibu nusu ya mvua yote ya mwaka huja katika msimu huo wa pili. Wingu linajijenga mchana juu ya milima, na jioni linamwaga milimita 25 kwa muda usiofika saa moja, upande mmoja wa mji ukiloa na mwingine ukibaki na vumbi lake.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 1,000 likipigwa na mvua ya milimita 25 linatoa lita 25,000; toa sehemu ya kumi kwa yale yanayoruka na kukauka, unabaki na lita 22,500, kutoka paa moja, katika jioni moja. Bado hujahesabu maegesho, viwanja vya lami na njia za zege.

Sasa ongeza jambo la pili. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Tucson inatoka mto Colorado kwa mfereji wa kilomita 540 hivi, na yanasukumwa kwa pampu kupanda zaidi ya mita 800 kabla hayajafika mjini. Mwezi Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu katika mto huo kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo chuo kinachoacha maji ya paa lake yakimbilie kwenye mtaro mwezi Julai, kisha mwezi Oktoba kikafungua bomba kumwagilia mti ulioko hatua kumi kutoka paa lilelile, kinanunua kwa gharama kubwa kitu kilichokitupa bure. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Miundombinu ya kijani ni nini hasa? Mitaro ina kosa gani?

Mtaro wa zege una kazi moja: kuyaondoa maji haraka. Unaifanya vizuri, na kwa sababu hiyo unamhamishia tatizo mtu wa chini. Kila paa na kila maegesho yanapomwaga kwa wakati mmoja, korongo la chini linafurika. Tucson wanalijua hili kwa korongo la Arroyo Chico, linalopita kusini mwa kampasi kuelekea katikati ya mji. Mafuriko yake yaliwalazimu kuchimba mabwawa makubwa ya kupunguzia kasi ya maji.

Miundombinu ya kijani inataka maji yasimame karibu na pale yalipoangukia, yaenee, kisha yazame. Zana zake ni bustani ya mvua, yaani kitalu kilichodidimizwa chini ya usawa wa njia, ukingo wa barabara uliokatwa ili maji ya lami yaingie kwenye kitalu hicho, mifereji mipana ya kina kifupi yenye vizuizi vya mawe, matangi, na miti. Ningesema hasa miti. Wengi huihesabu kama pambo la mradi, ilhali katika jangwa ndiyo mazao yenyewe: maji yanaingia chini, kivuli kinatoka juu.

Wazo hili limeanzia wapi?

Wenyeji wa jangwa hilo, Watohono O'odham, walilima kwa maji ya mafuriko karne nyingi kabla chuo hakijakuwepo. Walipanda mahindi, maboga na maharagwe madogo yanayostahimili ukame pale korongo linapofungukia tambarare, mahali ambapo maji ya mvua moja kubwa hutawanyika na kuacha tope lenye rutuba. Kilimo hicho wanakiita ak-chin. Zao linakomaa kwa mvua chache tu. Mhandisi anayechora bustani ya mvua leo anatumia kanuni ileile: chagua mahali maji yanapopunguza mwendo, na hapo ndipo upande.

Katika siku zetu, mkazi mmoja wa mtaa wa Dunbar/Spring, Brad Lancaster, alianza na majirani zake mwaka 1996 kupanda miti ya asili kando ya barabara, na baadaye kukata kingo za zege ili maji ya mvua yaifikie. Walianza kukata kabla jiji halijaruhusu; jiji lilipoona matokeo, likaweka utaratibu wa kibali. Mwaka 2008 Tucson ikapitisha sheria iliyoanza kutumika Juni 2010, inayotaka majengo mapya ya biashara yapate nusu ya maji ya bustani zao kutokana na mvua. Mwaka 2020 ikaongeza ada ndogo kwenye bili za maji za wateja wake, kwa ajili ya kujenga na, muhimu zaidi, kutunza miundombinu hii mitaani.

Hatua ya kwanza katika usanifu ni ipi?

Kutembea kwenye mvua. Nasema hivi kwa uzito wote. Chukua ramani ya kampasi, vaa koti, toka nje mvua inaponyesha, na uchore mishale: maji yanatoka wapi, yanaelekea wapi, yanasimama wapi, yanaingilia mlango upi. Ramani ya kontua itakuonyesha mteremko wa jumla, lakini haitakuonyesha tuta la spidi lililojengwa mwaka jana na kugeuza mkondo wote, wala bomba la gata lililopasuka nyuma ya maabara.

Halafu anza juu. Nimeona mipango mingi inayoanzia chini, pale penye mafuriko yanayolalamikiwa, kwa sababu ndipo macho ya wakubwa yalipo. Ukianzia chini unapambana na maji mengi yenye nguvu. Ukianzia juu, kwenye paa la kwanza na maegesho ya kwanza, unakutana na maji machache na ya upole, na kila kitalu unachojenga kinakipunguzia mzigo kinachofuata. Vitalu ishirini vidogo vilivyotawanyika juu vinafanya kazi kuliko bwawa moja kubwa lililowekwa mwisho wa kampasi, na kila kimoja kinaweza kubeba mti wake.

Udongo wetu ni mgumu kama zege. Maji yatazama kweli?

Huenda, huenda hapana. Pima. Tucson wana tabaka wanaloliita kaliche: chokaa iliyogandamana ardhini, wakati mwingine sentimita chache tu chini ya uso, wakati mwingine mita moja, na unene wake hubadilika kutoka hatua moja hadi nyingine. Maji yakiifikia yanatambaa juu yake badala ya kushuka, na mizizi inafanya hivyo hivyo.

Kipimo ni rahisi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 hivi mahali bustani itakapokaa, si kando yake. Lijaze maji, liache likauke. Lijaze tena, maana jazo la kwanza linapotea tu kwenye udongo mkavu na kukudanganya. Simamisha rula ndani, andika saa, rudi baada ya saa moja, tazama maji yameshuka sentimita ngapi. Yakishuka sentimita 2 kwa saa, kitalu cha kina cha sentimita 20 kitakauka kwa saa kumi, na hapo una mahali pazuri. Yasiposhuka kabisa, una njia tatu: vunja kaliche kwa sururu au mashine mpaka uitoboe, fanya kitalu kiwe kipana na cha kina kifupi zaidi, au hama. Arizona pia ina maelfu ya visima vikavu, mashimo marefu yaliyojazwa kokoto yanayopeleka maji chini kabisa, na sheria ya jimbo inataka kila kimoja kisajiliwe. Mimi huviweka mwisho katika orodha, kwa sababu vinayapitisha maji chini ya mizizi ya miti tunayoitaka.

Kitalu kiwe na kina gani, na maji yaingieje?

Kina cha maji yanayosimama kiwe kati ya sentimita 15 na 20 katika sehemu wanazopita watu. Kingo za kitalu ziteremke taratibu; ukuta ulionyooka wima ni hatari kwa mtu anayetembea usiku, na kwa kiti cha magurudumu ni hatari zaidi. Njia iliyo kando ya kitalu iwe na ukanda bapa kabla mteremko haujaanza.

Mlango wa maji ndio sehemu inayoharibika kwanza, basi uangalie kwa karibu. Ukingo wa zege unakatwa upana wa sentimita 45 au zaidi, na ncha zake zinakatwa kwa mshazari ili uchafu usinase. Usawa wa ndani ya kitalu, pale maji yanapotua, lazima uwe chini ya lami kwa sentimita 5 angalau, baada ya kuweka mawe na matandazo, si kabla. Hili linasahauliwa kila mara: fundi anachimba vizuri, kisha matandazo yanajazwa hadi usawa wa barabara, na mvua ya kwanza inapita mbele ya mlango bila kugeuka. Maji yanapoingia yatue juu ya mawe yaliyopangwa kwa kubanana, yasichimbe. Baada ya mawe hayo weka kishimo kidogo chenye sakafu ngumu, ambamo mchanga, majani na vipisi vya sigara vitabaki, ili mtu mwenye koleo avizoe kwa dakika chache. Bila kishimo hicho, uchafu wote unaenea kitaluni na kuziba udongo.

Na mbu?

Mbu anahitaji maji yaliyosimama kwa takriban wiki moja ili atoke kwenye yai hadi aruke. Kitalu kilichojengwa sawasawa kinakauka ndani ya saa 24. Kikibaki na maji siku ya tatu, kina kasoro na kinahitaji kurekebishwa. Matangi yawekewe wavu kila penye tundu. Hofu ya mbu ni ya haki, hasa kwetu sisi tunaojua malaria na dengue, na jibu lake liwe saa ya mkononi: mtu aende kesho yake akaangalie.

Tujenge tangi kubwa kwanza au bustani?

Bustani. Tangi linapendwa kwa sababu linaonekana, linapigwa picha, na mfadhili anaweza kuandikwa jina lake. Lakini gharama ya kuhifadhi lita moja ndani ya tangi ni kubwa mara nyingi kuliko kuihifadhi ndani ya udongo. Kuna jambo jingine lisilosemwa: Tucson, miezi ya Aprili, Mei na Juni haina mvua ya maana, na kufikia Juni joto linapita nyuzi 38. Tangi lililojaa Machi linakuwa limekauka Mei, wakati mimea inalihitaji zaidi. Kama mimea yenyewe si ya jangwani, tangi halitaiokoa.

Hata hivyo tangi lina mahali pake. Panapokuwa na maji yasiyotegemea mvua, hesabu inabadilika. Mfano ninaoupenda ni bustani ya maabara ya mandhari ya Sonora, iliyoko kwenye kitivo cha usanifu cha chuo hicho, mahali palipokuwa na maegesho ya magari. Pale, maji ya paa yanaingia kwenye tangi la lita zipatazo 44,000 pamoja na maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi vya jengo. Wakati wa unyevunyevu wa mvua za majira ya joto, viyoyozi vya majengo makubwa hutoa maji safi mchana kutwa, na katika majengo mengi duniani yanaishia chooni au mtaroni. Bustani hiyo ina hata bwawa dogo lenye samaki wa asili wa jangwa hilo, ambao wanakula viluwiluwi vya mbu. Jengo jingine la kampasi hiyohiyo, lile la masomo ya mazingira lililofunguliwa mwaka 2015, limechorwa kwa mfano wa bonde jembamba la miamba, na maji ya paa lake yanamwagilia mimea iliyopandwa kwenye baraza za kila ghorofa. Mwanafunzi anatoka darasani anatembea kivulini akiwa ghorofa ya nne.

Tupande nini?

Mimea ya jangwa lenyewe, na kila mmoja mahali pake ndani ya kitalu. Chini kabisa, maji yanaposimama, weka nyasi ndefu za mashina mengi zinazovumilia kuzama kwa siku moja na kiu ya miezi mitatu. Miti ipandwe kwenye ngazi za udongo za pembeni, juu kidogo ya usawa wa maji, mizizi ikishuka kutafuta unyevu huku shina likibaki kavu. Shina likilowekwa mara kwa mara linaoza. Tucson wanatumia mesikwiti ya asili, paloverde yenye gome la kijani linalosaidia majani kutengeneza chakula, na mwerebi wa jangwani wenye maua ya zambarau. Juu kabisa, pakavu, kuna kichaka cha kreosoti. Wenyeji wanakipenda kwa sababu kabla ya mvua kufika, upepo unaleta harufu ya majani yake, na mtu aliyekulia huko akiisikia anajua mvua iko njiani.

Mti wa asili nao unamwagiliwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Anayesema mti wa jangwani hauhitaji maji tangu siku ya kupandwa anaua miti.

Onyo kwa msomaji wa Afrika Mashariki: usinakili orodha hii. Ndugu yake mesikwiti mnamjua. Ndiye mathenge, aliyepelekwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kupata kuni, akaziba malisho na mifereji, hadi wakazi wakaipeleka serikali mahakamani. Na sisi tumewapa wao balaa la aina hiyohiyo: nyasi za malisho zenye asili ya Afrika, zikiwemo za kaskazini mwa Kenya, zilipelekwa Arizona miaka ya 1930 na kuendelea ili kulisha ng'ombe na kushika udongo. Leo zinapanda milima kuzunguka Tucson, zinashika moto na kuunguza mipungate mirefu ya sawaro ambayo haikuumbwa kuvumilia moto. Kampasi zao zinatumia wanafunzi wa kujitolea kuzing'oa kwa sururu. Katika vitalu vya mvua ndimo zinamopenda kuota, maana kuna maji.

Tutandaze changarawe au matandazo ya miti?

Matandazo ya vipande vya miti, kila inapowezekana. Yanaupoza udongo, yanawalisha wadudu na fangasi wanaofungua njia za maji, na yanapunguza ukaukaji. Changarawe inaonekana nadhifu, lakini inashika joto na kuliachia usiku. Iweke pale tu maji yanapoingia kwa nguvu, kwa sababu matandazo yataelea na kwenda zao.

Pevingi zinazopitisha maji zinafaa?

Kidogo. Jangwa lina vumbi, na vumbi linaziba matundu. Zinahitaji mashine ya kufyonza uchafu mara kwa mara, na vyuo vichache vinaendelea kuitumia baada ya mwaka wa pili. Fedha hizo ningezipeleka kwenye vitalu na miti.

Maji ya maegesho yana mafuta. Hayataharibu udongo?

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu inabeba mabaki ya miezi: matone ya mafuta, unga wa matairi, vumbi la breki. Udongo hai wenye matandazo unashughulikia sehemu kubwa. Vijidudu vinavunja mafuta, na madini mazito yanashikwa kwenye sentimita chache za juu. Ndiyo maana mchanga wa kile kishimo cha mlangoni unazolewa na kupelekwa jalalani, haumwagwi tena kwenye bustani. Maji ya maegesho yasiingizwe kwenye tangi, na mboga zisipandwe kwenye kitalu kinachoyapokea. Miti ya matunda inayopokea maji ya paa haina shida hiyo.

Kwa nini unasisitiza kivuli kuliko mafuriko?

Kwa sababu mafuriko ni jioni chache kwa mwaka, na jua ni kila siku. Mwanafunzi wa Tucson anayevuka kampasi saa nane mchana mwezi Septemba anatembea juu ya zege linalochoma na chini ya jua lisilo na wingu. Kitalu kilichowekwa kona ya nyuma ya maegesho, kwa sababu tu ndipo mhandisi alipopata nafasi, kitazuia maji lakini hakitamfaa mwanafunzi huyo.

Basi weka ramani mbili juu ya meza: ile ya maji na ile ya nyayo. Tafuta njia zinazopitwa na watu wengi, vituo vya basi, foleni za mgahawa, benchi wanazokalia wafanyakazi wa usafi wakati wa mapumziko. Pale mishale ya maji inapokutana na nyayo, jenga hapo kwanza. Na uangalie upande. Jua la mchana kule linapiga kutoka kusini-magharibi na magharibi, kwa hiyo mti upandwe magharibi mwa njia. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu linahama kaskazini na kusini kwa msimu, na hesabu yetu ni tofauti.

Misingi ya majengo je?

Kitalu kikae angalau mita 3 kutoka kwenye msingi, na ardhi iteremke kutoka ukutani. Maji ya gata yapelekwe kwa bomba au mfereji uliosakafiwa hadi kwenye kitalu. Kabla ya kuchimba, pata ramani ya nyaya na mabomba ya chini. Kampasi kongwe zina vitu ardhini ambavyo hakuna aliye kazini anayevikumbuka.

Ikija mvua kubwa kuliko tuliyoipangia?

Itakuja. Kila kitalu kiwe na njia ya maji ya ziada, ile ambayo wajenzi wa malambo huiita utoro wa maji: mahali palipochaguliwa, pa chini kuliko kingo nyingine, palipopangwa mawe, pa kuyapeleka maji kwenye kitalu kinachofuata au kwenye mtaro wa zamani. Usipochagua wewe, maji yatachagua yenyewe, na huwa yanachagua mlango wa maktaba. Usiubomoe mtaro wa zamani. Hii kazi inaupunguzia mzigo tu. Siku ya mvua kubwa utauhitaji.

Na watu waambiwe wasivuke korongo lililojaa. Arizona wana sheria, tangu mwaka 1995, kwamba dereva anayepita kizuizi na kuingia barabara iliyofurika anaweza kulipishwa gharama za kuokolewa kwake.

Nani atatunza?

Swali hili liulizwe mwanzoni, na kwa kawaida huulizwa mwishoni. Miradi mingi ya aina hii haifi kwa kosa la hesabu. Inakufa kwa sababu mtunza bustani hakuambiwa kitalu kile ni cha nini. Yeye amefundishwa kwamba bustani nzuri ni tambarare, haina majani makavu, na miti yake imekatwa mviringo. Anapoona shimo analijaza. Anapoona majani anayapuliza kwa mashine hadi ardhi ibaki uchi. Mti wa paloverde anaukata matawi ya chini na ya katikati mpaka unapoteza kivuli uliopandiwa. Anafanya kazi yake kwa bidii, kwa maelekezo aliyopewa.

Basi mkaribishe mezani kabla mchoro haujakamilika. Muulize koleo lake litafika wapi, mashine yake ya kukatia nyasi itageukia wapi, bomba la kumwagilia linavujia wapi kila mwaka. Atakuambia mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote. Kisha muandikie ratiba fupi kwa lugha anayoitumia. Kwa Tucson hiyo ni Kihispania pamoja na Kiingereza. Kabla ya msimu wa mvua, azoe vishimo vya milangoni na aangalie kama mawe yamehama. Baada ya kila mvua kubwa, apite siku ya pili na kuandika kitalu kisichokauka. Mara moja kwa mwaka aongeze matandazo, bila kuziba mlango. Miti ikatwe kidogo tu, na vipande vyake visagwe na kurudi kitaluni.

Na mlipe. Bajeti ya ujenzi isiyo na fungu la matunzo ya miaka mitatu ya kwanza ningeirudisha isitiwe saini. Kampuni ya usafi inayoajiriwa kwa mkataba nayo iandikiwe kazi hizi kwenye mkataba, moja moja, la sivyo hazitafanyika.

Wanafunzi wana nafasi gani?

Kubwa, na si ya kushika koleo siku ya picha tu. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilianzisha mwaka 2012 mashindano ya usanifu wa maji ya mvua kwa vyuo, na timu za Chuo Kikuu cha Arizona zimewahi kushinda. Lakini hata bila mashindano, kampasi ni maabara. Wa hesabu wapime kasi ya kuzama, wa jiografia wachore mitiririko, wa baiolojia wahesabu ndege na nyuki, wa afya wapime joto kwenye benchi lenye kivuli na lisilo nacho. Takwimu za miaka mitano mfululizo ndizo zinazomshawishi mkuu wa fedha.

Haya yanafaa Lodwar, Garissa au Dodoma?

Kanuni zinafaa, vipimo vyake lazima vitoke kwenu. Na hatuanzi mikono mitupu. Wakulima wa Machakos wana matuta ya fanya juu, yanayojengwa kwa kutupia udongo upande wa juu wa mtaro, Kitui kuna mabwawa ya mchanga, yanayohifadhi maji ndani ya mchanga wa mto, Wasukuma wana majaruba ya mpunga yanayoshika maji ya mvua shambani, na malambo yako katika wilaya nyingi kame za Tanzania. Mwanafunzi wa uhandisi aliyekua akiona baba yake akishika kontua kwa fremu ya mbao na pimamaji tayari anajua nusu ya somo hili; kinachokosekana ni chuo kumwambia kwamba ujuzi ule ni uhandisi.

Tofauti za kuangalia: mvua yetu ya siku moja inaweza kuwa kubwa kuliko ya Tucson, kwa hiyo utoro uwe mpana. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukiloa na kupasuka ukikauka, ukae mbali zaidi na misingi. Mbuzi watakula miche, basi zungushia miiba. Na miti ichaguliwe kwa kuwauliza wenyeji: migunga, mikwaju na mikoche ina sifa zake, na wazee wa mahali wanajua upi unasimama wapi.

Hatuna fedha mwaka huu. Tufanye nini?

Chora ile ramani ya mvua, msimu mzima, kwa simu na penseli. Pima kuzama kwa maji mahali kadhaa. Tafuta gata moja linalomwaga kwenye zege karibu na mti ulio na kiu, uligeuze, uchimbe kitalu kimoja kwa mkono, na uweke mti wa pili. Piga picha mahali palepale kila mwezi. Na ramani hiyo ifike kwa mhandisi wa chuo kabla hajachora maegesho mapya, kwa sababu kuteremsha kitalu chini ya usawa wa lami wakati wa ujenzi hakuongezi gharama ya maana, ilhali kuja kulikata zege baadaye ni mradi mzima wenye zabuni yake.